Hitilafu Inayovaa Vazi la Jibu: Historia ya Ushughulikiaji wa Vighairi katika Lugha ya Erlang na Maana Yake kwa Pwani ya Kismayu

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna lugha za programu za kifanksheni zilivyojifunza kushughulikia vighairi, kwa kuangalia hasa lugha ya Erlang na mabadiliko yaliyofanywa mwaka 2004. Hoja yake ni kwamba tatizo kubwa halikuwa kutokea kwa hitilafu, bali hitilafu kurejeshwa kwa sura ileile ya jibu sahihi. Hoja hiyo inapimwa katika mazingira ya visiwa vya Wabajuni na pwani ya Kismayu, ambako watu hutegemea mifumo ya ujumbe na fedha za simu, na ambako msemaji wa Kibajuni mwenyewe amehesabiwa kuwa kighairi katika mifumo ya kuamua asili ya mtu.

Utangulizi

Mvuvi aliyeko Chovai anapomtumia mnunuzi wa Kismayu ujumbe wa WhatsApp kuhusu kamba koche alionao, skrini ya simu yake humwonyesha mojawapo ya hali kadhaa. Alama ya saa ina maana kwamba ujumbe haujatoka kwenye simu. Tiki moja ina maana kwamba umefika kwenye seva lakini haujamfikia mnunuzi. Tiki mbili zina maana kwamba umefika kwenye simu ya mnunuzi. Hakuna hata moja kati ya hali hizo inayosema kwamba mnunuzi amekubali bei. Mvuvi anayeichukua tiki moja kuwa ni mbili anaweza kung'oa nanga na kuvuka hadi Kismayu na mzigo unaoharibika, akimwendea mtu asiyejua kwamba anakuja.

Seva zinazopokea ujumbe huo zimeandikwa kwa Erlang, lugha ya kifanksheni iliyozaliwa katika maabara ya kampuni ya simu ya Ericsson nchini Sweden. Hivyo visiwa vya Koyama, Chovai, Chula na vile vidogo vinavyotawanyika kuelekea Ras Kiamboni vimekuwa, bila mtu kuvishauri, miongoni mwa watumiaji wa lugha ambayo kwa muda mrefu iliwashughulisha wasomi wa sayansi ya kompyuta kwa swali moja: mfumo ufanye nini pale mambo yanapokwenda kinyume na yalivyopangwa?

Neno kighairi linatumika hapa kwa maana ya tukio linaloikatiza programu katika mwendo wake wa kawaida na kuilazimisha kufuata njia nyingine. Asili yake ni ghairi, neno ambalo watu wa pwani hulitumia kwa maana mbili: ghairi ya, yaani isipokuwa, na kughairi, yaani kubadili nia baada ya kuanza. Maana zote mbili zinafaa, kwa kuwa kighairi kiko nje ya kawaida na pia huigeuza safari njiani. Istilahi hii inafaa kuliko kosa, kwa sababu si kila kighairi ni kosa, na sehemu kubwa ya historia inayosimuliwa hapa inahusu gharama ya kutotofautisha mambo hayo mawili.

Lugha ya kifanksheni, kwa upande wake, ni ile inayoijenga programu kwa fanksheni zinazofanana na zile za hisabati: ukiipa ingizo, inarejesha tokeo. Ugumu unaanzia hapo hapo. Fanksheni imeahidi kurejesha jibu. Je, irejeshe nini pale ambapo jibu halipo?

Kabla ya Erlang

Lisp, lugha kongwe katika ukoo huu, ililijibu swali hilo mapema kwa namna ya busara. Katika MacLisp kulikuwa na amri iitwayo errset. Ilizunguka sehemu ya programu, na sehemu hiyo ikifaulu, errset ilirejesha jibu likiwa limefungwa ndani ya orodha. Ikishindwa, ilirejesha alama ya utupu. Jibu lililofungwa halikuweza kufanana na alama ya kushindwa. Hata hivyo waandishi wa programu waligundua kwamba amri hiyo ingeweza pia kutumika kama njia ya mkato: mtu aliyetaka kutoka haraka ndani ya mahesabu marefu alizusha kosa bandia, kisha akalinasa kwa errset. Matokeo yake ni kwamba makosa ya kweli yaliyotokea ndani ya eneo hilo yalinaswa pamoja na yale bandia na kufichwa. Mwaka 1972 MacLisp ikaongezewa amri mbili, catch na throw, ili kutoka kwa hiari kuwe na mlango wake. Tukio hilo dogo lilitangulia kwa zaidi ya miaka thelathini mjadala utakaoelezwa hapa chini.

Mwaka 1975 John Goodenough alichapisha makala iliyolipa somo hili mpangilio wa kinadharia, akieleza kwamba vighairi havihusu kufeli tu, bali pia ni njia ya operesheni kumpa aliyeiita taarifa anayoihitaji. Katika miaka hiyo hiyo, Robin Milner na wenzake wa Edinburgh walikuwa wakiunda lugha ya ML kwa ajili ya mfumo wa kuthibitisha nadharia wa LCF. Mbinu moja ya uthibitisho ikishindwa, mfumo ulipaswa kujaribu nyingine. Kushindwa kulikuwa sehemu ya kazi ya kila siku, na kwa hiyo lugha ililazimika kuwa na njia safi ya kukueleza. Haskell, iliyofuata baadaye, iliweka kushindwa kunakotarajiwa ndani ya aina za data, na ikabaki na kitendawili cha vighairi visivyotarajiwa, kwa kuwa mpangilio wa utekelezaji wake haujulikani mapema. Mwaka 1999 Simon Peyton Jones na wenzake walipendekeza kwamba usemi wenye hitilafu uhesabiwe kuwa unabeba seti ya vighairi vinavyowezekana, si kimoja. Ni wazo zuri, ingawa kwa mtu anayetafuta dosari usiku wa manane halimsaidii sana.

Stockholm, 1986

Erlang haikutoka katika nadharia ya uthibitisho. Ilitoka katika swichi za simu. Mwaka 1986 Joe Armstrong, akifuatwa na Robert Virding na Mike Williams, alianza katika maabara ya sayansi ya kompyuta ya Ericsson majaribio ya lugha ambayo ingerahisisha uandishi wa programu za simu. Jina lake linamkumbuka Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyeweka misingi ya kukadiria msongamano wa simu.

Swichi ya simu ina sharti ambalo kompyuta nyingi za wakati huo hazikuwa nalo: haizimwi. Simu moja ikiharibika, nyingine maelfu hazipaswi kujua. Kwa hiyo Erlang iligawa kazi katika michakato midogo mingi isiyogawana kumbukumbu, inayozungumza kwa kutumiana ujumbe tu. Mchakato mmoja ukianguka, hauuchafui mwingine. Michakato inaweza kuunganishwa ili mmoja ukifa mwingine upate habari, na juu yao huwekwa michakato ya usimamizi ambayo kazi yake pekee ni kuwaangalia walio chini na kuwaanzisha upya. Kutokana na mpangilio huo ukazaliwa msemo maarufu wa jamii ya Erlang, acha ianguke. Msemo huo umeeleweka vibaya mara nyingi. Hauhimizi uzembe. Unasema kwamba mchakato uliokutana na hali usiyoielewa usijaribu kubahatisha; ufe wazi, na sababu ya kufa kwake imfikie anayeweza kuamua. Armstrong aliieleza falsafa hiyo kwa kina katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 2003, ambayo kichwa chake chenyewe kinazungumzia mifumo inayotegemeka licha ya kuwapo kwa makosa ya programu.

Swichi ya AXD301, iliyotangazwa mwaka 1998, ilikuwa na zaidi ya mistari milioni moja ya Erlang. Sifa zilizotolewa juu ya uimara wake zilifika mahali pa kutiliwa shaka, na takwimu ya tisa tisa ya muda wa kuwa hewani imebishaniwa tangu hapo. Lakini kwamba mfumo mkubwa uliweza kujengwa kwa lugha ya kifanksheni na kuhudumu sokoni hakuna aliyebisha. Ajabu ni kwamba mwaka huo huo idara moja ya Ericsson ilizuia matumizi ya Erlang katika bidhaa mpya. Mwezi Desemba 1998 lugha ikatolewa kwa umma kama programu huria. Bila uamuzi huo wa pili, uliotokana na ule wa kwanza, isingefika WhatsApp mwaka 2009.

Dosari ya catch

Falsafa ya kuanguka wazi ilikuwa na tundu, na tundu hilo lilikuwa ndani ya lugha yenyewe. Kwa matukio ya kati ya mchakato na mchakato, Erlang ilikuwa na mpango mzuri. Kwa matukio ya ndani ya mchakato mmoja, ilikuwa na amri moja tu, catch, na amri hiyo ilifanya kazi nyingi mno.

Ichukuliwe programu inayotunza daftari la abiria wa vyombo vinavyokwenda kati ya Kismayu na visiwani. Ndani yake kuna fanksheni inayotafuta nauli aliyolipa abiria fulani. Mwandishi anaizungushia catch. Mambo manne yanaweza kutokea. Kwanza, nauli ipo, na catch inarejesha nauli. Pili, fanksheni inaamua kwa makusudi kutoka mapema na kurusha thamani, tuseme neno hayupo. Catch inarejesha neno hayupo kana kwamba ni jibu la kawaida. Tatu, sehemu fulani ya programu inaamua kwa makusudi kuumaliza mchakato. Catch inarejesha jozi ya vitu viwili, cha kwanza kikiwa neno EXIT na cha pili sababu. Nne, kuna dosari halisi, labda programu imejaribu kujumlisha namba na jina. Catch inarejesha tena jozi inayoanza na EXIT, safari hii sababu ikiwa na maelezo ya kosa.

Njia zote nne zinaishia katika mlango mmoja, na kinachotoka mlangoni ni thamani ya kawaida. Anayeipokea analazimika kuikisia kwa umbo lake. Neno hayupo lililorushwa haliwezi kutofautishwa na neno hayupo lililorejeshwa kwa utaratibu. Jozi inayoanza na EXIT inaweza kuwa kosa, inaweza kuwa uamuzi wa kumaliza, na inaweza pia kuwa data halali iliyohifadhiwa na mtu mwingine, kwa mfano programu inayoweka kumbukumbu za michakato iliyokufa. Hakuna kinachozuia.

Lililo baya zaidi ni kwamba catch hunasa kila kitu. Mwandishi aliyetaka tu kushughulikia abiria asiyekuwepo amejikuta amenasa pia kosa la tahajia alilolifanya mwenyewe katika jina la fanksheni. Programu haianguki. Inaendelea, ikiwa na jibu lisilo jibu mkononi, na kulipeleka kwenye hatua inayofuata. Baada ya hatua kumi, mtu analipwa nauli isiyo yake, na hapo hakuna tena dalili ya mahali ambapo mambo yaliharibikia. Mwandishi akigundua kwamba alichonasa hakimhusu na akataka kukirusha upya, aina yake ya asili inaweza kupotea, na orodha ya miito iliyoonyesha kilikotoka nayo ikapotea. Katika lugha ambayo imani yake ni kuanguka wazi, catch ilikuwa njia ya kuanguka kwa siri.

Marekebisho ya 2004

Mwaka 2004 Richard Carlsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, pamoja na Björn Gustavsson na Patrik Nyblom wa Ericsson, waliwasilisha makala katika warsha ya Erlang iliyofanyika Snowbird, Utah, wakiuangalia upya ushughulikiaji wa vighairi katika lugha hiyo. Pendekezo lao liliingizwa katika toleo la R10B mwaka huo huo. Muundo mpya uliitwa try.

Hatua yake ya kwanza ilikuwa kukiri kwamba kuna aina tatu za vighairi na kuzipa majina yanayoonekana. Aina ya throw ni kutoka kwa makusudi ambako aliyeita anatarajiwa kukushughulikia. Aina ya error ni dosari ya programu. Aina ya exit ni nia ya kuumaliza mchakato. Aina hizo zilikuwepo tangu awali ndani ya mashine, lakini catch ilizifuta kabla hazijamfikia mwandishi. Sasa mwandishi alilazimika kusema ni ipi anayoinasa, na asipotaja, muundo ulidhani anakusudia throw tu. Chaguo hilo la msingi lina uzito: mtu asiyefikiri sana hanasi makosa asiyoyaelewa, bali anayaacha yapite juu.

Hatua ya pili ilikuwa kutenganisha njia ya kufaulu na njia ya kighairi. Muundo wa try una sehemu ya kufaulu na sehemu ya kunasa, na thamani iliyorejeshwa kwa kawaida haipiti kamwe katika sehemu ya kunasa. Neno hayupo lililorejeshwa linaingia mlango mmoja, na neno hayupo lililorushwa linaingia mwingine. Zaidi ya hayo, ulinzi unahusu tu usemi uliotajwa mwanzoni. Kosa likitokea wakati wa kuyashughulikia matokeo mazuri, halinaswi na mtego uliowekwa kwa ajili ya jambo jingine. Lugha nyingi zenye umaarufu mkubwa kuliko Erlang hazikuwa na utenganisho huo. Hatua ya tatu, iitwayo after, ilihakikisha kwamba kazi ya kufunga faili au kurudisha kilichokopwa inafanyika, kufaulu au kushindwa.

Watunzi hawakuiondoa catch. Mifumo iliyokuwa ikibeba simu za watu ilikuwa imeijengea tabia zake, na kuivunja kungekuwa hitilafu kubwa kuliko ile iliyorekebishwa.

Matoleo yaliyofuata yaliendelea kujaza mapengo. Hadi mwaka 2018 mwandishi aliyetaka kuona orodha ya miito baada ya kunasa kighairi aliiomba kwa fanksheni ya pembeni, ambayo ilitoa orodha ya kighairi cha mwisho katika mchakato huo. Kikiingia kingine katikati, alipewa ushahidi wa tukio lisilo lake. Toleo la 21 la mwaka huo liliifunga orodha na kighairi chake pale pale kinaponaswa. Toleo la 24, mwaka 2021, liligusa ujumbe wenyewe: badala ya kusema tu kwamba hoja iliyopewa fanksheni ni mbovu, mfumo ulianza kueleza ni hoja ya ngapi na ina ubaya gani. Muundo wa maybe, uliopendekezwa kwa ajili ya mifuatano ya hatua zinazoweza kushindwa kwa kawaida, uliingia kwa majaribio mwaka 2022 na kuwa sehemu ya kudumu ya lugha mwaka 2024. Mtazamaji wa mbali anaweza kuona haya kuwa mambo madogo. Lakini kila moja lilikuwa jibu kwa swali lilelile: aliyepokea habari mbaya anajuaje kwamba ni habari mbaya, imetoka wapi, na inamhusu nani?

Kutoka seva hadi pwani

Somalia ni mahali pazuri pa kupima swali hilo, kwa sababu huko mawasiliano ya simu yalikua bila dola. Serikali kuu ilianguka mwaka 1991, na mitandao ya simu ikajengwa na kampuni binafsi. Kismayu ilipita mikononi mwa makundi kadhaa. Al-Shabaab waliishika mwaka 2008, wakaondolewa mwaka 2012 na majeshi ya Kenya na washirika wake. Mwezi Januari 2014 al-Shabaab walipiga marufuku intaneti ya simu katika maeneo waliyoyadhibiti, na sehemu kubwa ya bara nyuma ya mji ilikuwa bado ni yao. Mwezi Juni 2017 meli ya mizigo ilikata kebo ya chini ya bahari karibu na Mogadishu, na kusini na katikati ya nchi zikakaa zaidi ya wiki tatu bila intaneti ya kuaminika.

Katika mazingira ya namna hiyo, kukatika si tukio la nadra. Ndiko kuliko kawaida, na kufika ndiko kunakohitaji kuthibitishwa. Mfumo uliojengwa juu ya dhana kwamba ujumbe ambao haujafika unapaswa kuonekana kuwa haujafika unamfaa mtu wa visiwani kuliko mfumo wenye kasi zaidi usiomwambia ukweli. WhatsApp huhifadhi ujumbe ambao haujafika kwa siku 30, na muda wote huo mtumaji huona tiki moja. Hilo si suluhisho la kukatika. Ni kukataa kukuita kukatika kwa jina jingine.

Fedha za simu ni suala zito zaidi. Kwa mujibu wa Benki ya Dunia, mwaka 2018 takriban asilimia 73 ya Wasomali wenye umri wa kuanzia miaka 16 walikuwa wakizitumia. Makala haidai kwamba mifumo hiyo imeandikwa kwa Erlang. Tatizo ni la mfumo wowote uliosambaa. Erlang inalionyesha vizuri tu. Katika maktaba yake ya kawaida, mchakato unaouliza swali kwa mchakato mwingine hungoja, kwa kaida, sekunde tano. Jibu lisipokuja, muulizaji anapata kighairi cha aina ya exit. Lakini kighairi hicho hakisemi kwamba kazi haikufanyika. Inawezekana imefanyika katika sekunde ya sita. Mtu wa Koyama aliyetuma dola kumi na kuona ujumbe wa kushindwa anaweza kutuma tena, na kulipa mara mbili. Hali hiyo ina matokeo matatu, siyo mawili: imefanyika, haikufanyika, haijulikani. Mfumo unaoligeuza la tatu kuwa la pili umeficha hitilafu ndani ya jibu, sawasawa na catch ya kale. Kwa mshauri wa sera anayetunga kanuni za fedha za simu, swali la kuuliza mtoa huduma si mara ngapi mfumo wake hushindwa, bali ni maneno gani mteja huyaona pale mfumo usipojua.

Kibajuni kama kighairi

Mfumo wa tatu unaohusika hauna kompyuta ndani yake, lakini una umbo lilelile. Ni mfumo wa kuamua asili ya mtu.

Jina la Kismayu husimuliwa kuwa limetokana na kisima cha juu, na Kibajuni husemwa kutoka huko hadi Pate, Faza na Kizingitini katika funguvisiwa la Lamu. Mpaka uliokatiza eneo hilo ni wa karibuni. Jubaland, pamoja na visiwa, ilikuwa sehemu ya Kenya chini ya Waingereza hadi ilipokabidhiwa kwa Italia kwa mkataba wa mwaka 1924 uliotekelezwa mwaka 1925. Baada ya 1991 Wabajuni wengi walikimbilia Kenya. Baadhi waliishi miaka kadhaa katika kambi za pwani, ikiwemo Jomvu karibu na Mombasa, kabla kambi hizo kufungwa mwishoni mwa muongo huo. Waliotafuta hifadhi Ulaya walikutana na utaratibu wa uchambuzi wa lugha: mtu hurekodiwa akizungumza, na mchambuzi hutoa kauli juu ya mahali alikokulia.

Ingizo la utaratibu huo ni sauti ya mtu. Tokeo lake, mara nyingi, ni jina la nchi. Lakini mtu aliyezaliwa Chula, akaishi Jomvu utotoni na kuolewa Mombasa, anazungumza lugha yenye alama za pande zote mbili za mpaka ambao lahaja yake haikuujua. Kwa sauti kama hiyo jibu sahihi linaweza kuwa kwamba ushahidi hautoshi. Utaratibu usio na mlango wa jibu hilo hulazimika kurejesha Kenya, na Kenya inapofika mezani kwa mwamuzi haina tofauti na Kenya iliyopatikana kwa ushahidi imara. Kinachofuata kinaweza kuwa kufukuzwa nchini kuelekea mahali ambapo mtu hana uraia.

Mwezi Juni 2004, mwaka uleule wa makala ya Snowbird, kundi la wanaisimu kutoka nchi kadhaa lilitoa miongozo kumi na mmoja juu ya uchambuzi huo. Miongozo ilisema kwamba wanaisimu wasiombwe kuamua uraia, kwa kuwa lugha huonyesha mahali mtu alikolelewa kijamii na si pasipoti yake. Kwamba kiwango cha uhakika kielezwe. Na kwamba data inayotumika iwe ya kutosha. Wasioelewa programu waliandika, kwa istilahi nyingine, mambo ambayo Carlsson na wenzake waliyaandika: taja aina ya tokeo, na usilichanganye na jingine. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la waombaji wawili waliosema wametoka Somalia, ilikataa kuwa ripoti za aina hii zipewe uzito wa jumla kwa maelekezo ya awali, na ikasisitiza kwamba mtaalamu abaki ndani ya utaalamu wake. Kazi za Derek Nurse juu ya Kibajuni zilikuwa zimekwishaonyesha kwamba maarifa ya kina ya lahaja hiyo yapo kwa anayeyatafuta.

Ndani ya Somalia nako kuna mtego wa jumla. Mkutano wa Arta wa mwaka 2000 ulikubali mgawanyo wa madaraka uitwao 4.5: koo kubwa nne zikipata sehemu sawa, na jamii nyingine zote kwa pamoja nusu ya sehemu moja. Wabajuni wamo katika nusu hiyo, pamoja na jamii za kilimo za bondeni na watu wa miji ya kale ya pwani, ambao hawafanani nao kwa lugha, riziki wala historia. Katiba ya muda ya mwaka 2012 inataja Kisomali, katika lahaja zake mbili kuu, kuwa lugha rasmi, na Kiarabu kuwa lugha ya pili. Kibajuni hakitajwi. Kundi la wengineo lina kazi yake katika mfumo wowote, lakini data ikishaingia humo, aina yake hupotea, na anayetaka kupanga shule ya Koyama hawezi kujua ni wanafunzi wangapi watahitaji kuanza kusoma kwa lugha ipi.

Amri ya catch bado imo ndani ya Erlang, zaidi ya miaka ishirini baada ya mbadala wake kupatikana, kwa sababu msimbo wa zamani unaitegemea. Miongozo ya 2004 nayo haikuyafuta maamuzi yaliyotolewa kabla yake. Majalada hayo yangali kwenye makabati ya idara za uhamiaji, yakiwa na jina la nchi lililoandikwa bila kiwango cha uhakika.